Nusu Kichwa, Makole

Simu ilinikuta nimeshika sikio la mtu. Si kwa ugomvi, ndiyo kazi yangu, nalikunja sikio mashine ipite nyuma yake vizuri. Nikabana simu kwa bega, nikasikia sauti ya mwanamke mzee, sauti kavu, inatoka Mpwapwa. "Yunisi? Mzee wako amelala. Tunazika kesho. Uje na vitu vyako." Nikamwambia bibi nakuja. Nikamalizia kichwa cha yule mteja, kioo nyuma, kioo mbele, akaridhika, akaondoka. Ndiyo nikakaa kwenye kiti changu mwenyewe, kile wanachokaa wateja, nikajitazama, nikaanza kucheka mpaka vijana wangu wawili wa saluni wakaangaliana. Mmoja akaniuliza, "Mama mkubwa, umeshinda bahati nasibu?" Nikamwambia nimefiwa. Akaizima mashine yake, na mimi nikazidi kucheka, maana jamani, sijui nifanye nini na hiki kichwa changu: nilipoambiwa Mzee Chedego, kinyozi wa zamani wa Makole, amekufa, kitu cha kwanza kilichonijia kilikuwa kichwa cha Mheshimiwa Kitundu, upande mmoja kimenyolewa, upande mwingine msitu, na mzee mwenyewe yuko mlangoni kwenye kigoda chake, anamnyooshea kidole Deo, bosi wangu wa wakati ule, anasema lile neno lake: "Umeacha hapa."

Alikuwa analisema kila siku. Deo angenyoa kichwa kikawa kinang'aa kama sufuria ya harusi, Mzee Chedego atanyanyua kidole tu, "Umeacha hapa," na Deo atainama kutafuta, na hakuna kitu. Hakuna kabisa. Miezi na miezi, na bado Deo alikuwa anainama. Ukitaka kujua tulikuwa watu wa namna gani ndani ya kile chumba, hapo umeshatujua.

Nilivyotoka Chamwino, nani alinileta mjini na kwa nini niliishia darasa la saba, hiyo ruka, haina utamu. Anza hapa: nina miaka kumi na tisa, nipo Makole, Dodoma mjini, kwenye chumba kimoja cha saluni ya kiume chenye rangi ya buluu mpaka kiunoni na nyeupe kwenda juu, nyeupe iliyokuwa imeshakuwa rangi ya chai. Ukutani kuna bango la vichwa thelathini, kila kichwa na namba yake, mteja anaingia anasema "nipige namba kumi na nne" kama anaagiza soda. Kuna beseni, kuna jiko la mkaa la kuchemshia maji, na kuna viti viwili. Kiti cha kwanza ni cha Deo, mwenye saluni, kijana wa Bukoba, mtanashati, anaipenda mashine yake ya kunyolea kuliko alivyowapenda wachumba wake wote watatu. Kiti cha pili kilikuwa kitupu. Fundi wake alirudi Dar mwaka ule ulipoanza kuwa mbaya, akasema hawezi kukaa mji ambao umeme unakuja kama mgeni wa heshima, hatoi taarifa, na akifika watu wote wanasimama. Deo akakifunika kile kiti kwa taulo, akasema kinamsubiri fundi. Mimi kazi yangu ilikuwa kuosha vichwa na kusugua nyuso. Kila nikikifuta vumbi kile kiti, na vumbi la Dodoma unalijua, nilikuwa nakifuta kwa hasira na mapenzi.

Nilimwambia Deo mara ya kwanza, akacheka. Nikamwambia mara ya pili, akasema, "Yuni, sikiliza. Mwanamke anaosha kichwa, hanyoi kichwa. Hawa wanaume wa hapa, mtu ametoka kugombana na mke wake nyumbani, anakuja huku anakuta mwanamke mwingine ameshika wembe. Atakimbia." Wateja kwenye benchi wakacheka. Nikacheka na mimi, nikasema basi nitaanza na wale wasio na wake, ila nywele zao hazijawahi kuona maji. Ndivyo nilivyokuwa, ninarudisha maneno haraka. Lakini niliporudi kwenye beseni, nilikisugua kichwa cha mteja mpaka akaniuliza amenikosea nini.

Mwaka wenyewe sisi tuliuita mwaka wa mgao. Watu wa serikalini hawakuuita hivyo, na hilo nitalifikia. Ulikuwa mwaka ambao kila kitu kilikuwa kinaondoka kwa zamu. Sukari iliondoka wiki tatu, tukawa tunakunywa chai ya tangawizi na karanga, unatafuna karanga mbili, unapiga funda moja, unajidanganya. Sukari ikarudi, imepanda bei, ikakuta petroli imeondoka. Maji yalikuwa yanatoka bombani Jumanne, na Jumanne nyingine yanasahau. Mama Zuhura, mama lishe wa mlango wa pili, alikuwa ameandika vyakula kwenye ubao kwa chaki, na kila asubuhi anafuta kimoja. Kwanza alifuta pilau. Halafu chapati. Ikafika siku ubao umebaki na ugali na mlenda, na watu wa wizara wenye suti wamejipanga kwenye mabenchi yake, wanavuta mlenda kwa vidole, wanasema kumbe ni mtamu. "Mmechelewa sana kujua," Mama Zuhura anawajibu. "Wagogo wamekaa nao miaka yote mnawacheka."

Lakini nikikumbuka mwaka ule sikumbuki njaa. Nakumbuka mbio. Umeme ukirudi, mtaa mzima unapiga kelele, "Umeruuudi!" kama timu yetu imefunga goli, na kila mtu anachomoka. Wanawake na ndoo za mahindi wanakimbilia mashine ya kusaga. Anayepiga pasi anapiga pasi. Vijana wa bodaboda wanaingia kwetu na simu saba mkononi, chaji, chaji, dada Yuni, nichomekee hii, imebaki asilimia moja kama roho ya mgonjwa. Na wateja wa nywele wanakuja wanatimua vumbi, mmoja na sahani yake ya ugali mkononi, anakula huku ananyolewa, nywele zinadondokea kwenye mlenda, hajali. Deo ananyoa kama anafukuzwa. Hujui una dakika kumi au saa nne. Mimi naosha, nafuta, nachomeka, nachomoa, natukana, nacheka. Nilikuwa nimechoka kama punda, na sijawahi kuwa na furaha namna ile tena. Wanangu wakinisikia nikisema hivyo wananishangaa. Sasa umeme upo, sukari ipo, mtu anakaa kwenye kiti anatazama simu yake, habari ya mwenzake hana.

Sasa, umeme ukikatika, mtu mmoja tu Makole nzima alikuwa anafurahi. "Umekatika?" Mzee Chedego anasema kutoka mlangoni. "Pole sana, Deo." Na uso wake umekunjuka wote. Kile chumba zamani kilikuwa chake. Alinyoa vichwa vya Dodoma kwa wembe na kitana tangu Deo hajazaliwa, halafu mashine zikaja, vijana wakamkimbia, kodi ikamshinda, Deo akakichukua chumba. Mwenye nyumba akaweka sharti moja tu, mzee aachiwe kona yake ya mlangoni. Hapo alikaa na kofia yake ya sufu kwenye jua lote lile, anacheza drafti na kuiba kete mchana kweupe, anasema uongo wa kila aina kuhusu vichwa alivyovinyoa. Ukimsikiliza, hakuna mkubwa aliyepita Dodoma ambaye hakukaa mbele yake. Mgao ulimrudishia ujana. Mashine ikinyamaza, watu wanahama kutoka kiti cha Deo kwenda kwenye kigoda, na mzee anatoa wembe mpya kwenye karatasi yake. Kila kichwa na wembe wake, hapo alikuwa mkali kuliko daktari. Anaulaza juu ya kitana, anavuta, krrr, krrr, nywele zinaanguka zimelala upande mmoja kama majani ya mbuga.

Lakini mimi nilikuwa namletea chai. Na anayekuletea chai anajua mambo yako. Miezi miwili ndani ya mwaka ule nilianza kuona anaimimina kwenye kisosi ili asinyanyue kikombe. Halafu kisosi nacho kikaanza kugonga meno. Siku moja chai ikamwagika yote kwenye suruali, akanitazama kwa ukali, akasema, "Umeijaza sana." Nilikuwa nimeijaza nusu. Nikasema, "Samahani, mzee, mimi huwa najaza kama nalipwa." Akageuza uso. Kuanzia pale akaanza kuwakwepa wateja. Leo jicho linauma. Leo wembe umekwisha. Yule mwenye kichwa kikubwa namna ile aende kwa fundi seremala. Watu wakacheka, hakuna aliyejua.

Uani kwetu alikuwa na kazi yake nyingine, ya kuwamba ngoma. Kina mama wa kikundi cha ngoma kutoka vijijini walikuwa wanamletea ngozi za mbuzi, yeye anazinyoa manyoya kwa wembe, anaziwamba. Asubuhi moja akaniita, akanitandikia ngozi mbichi kwenye ubao, inanuka mpaka unasikia kwa macho, akaniwekea wembe na kitana mkononi. "We binti, unapenda kiti cha watu. Nyoa hii."

"Mzee, huyu mteja ameshakufa."

"Ndiyo maana nimekupa. Hatalalamika."

Nikanyoa. Nikaona imetoka safi, nikajisifu mpaka nikaimba. Siku tatu baadaye ngozi imekauka juu ya ngoma, ikapasuka kwa mstari mrefu, pale pale nilipoigusa kidogo tu na kona ya wembe. Na kina mama wa ngoma wakaja, wakanitukana kwa Kigogo, wakidhani kukaa mjini kumenisahaulisha. Ya pili ikapasuka vile vile. Mzee hakunifundisha kwa maneno. Alikaa tu pembeni na mikono yake ameibana chini ya mapaja, anatazama, anasema, "Umeacha hapa." Na kwenye ngozi, tofauti na kwa Deo, kweli nilikuwa nimeacha. Ya tatu ikasimama. Ya sita, mama mmoja aliipiga kwa kiganja, akaisikiliza, akasema nani ameinyoa hii. Mzee akasema, "Mimi." Nikataka kumrushia beseni.

Basi. Ile siku ilikuwa katikati ya wiki, saa sita mchana, jua limesimama juu ya bati. Umeme ulikuwepo tangu asubuhi, jambo ambalo lilikuwa linatutia wasiwasi wote. Akaingia Mheshimiwa Kitundu. Makole kila aliyevaa suti alikuwa mheshimiwa, lakini huyu kweli alikuwa na cheo, msemaji wa ofisi moja, amehamishiwa Dodoma mwaka ule ule, mtu mnene, mpole, anatoka jasho hata akikaa. Nilimwosha kichwa, akakaa kwenye kiti cha Deo, akasema, "Kijana, nipunguze vizuri. Saa nane nina waandishi wa habari. Na kamera." Deo akaanza upande wa kushoto. Akashusha, akashusha, akapandisha fedi taratibu, fupi shingoni, ndefu juu, upande wa kushoto ukawa wa bwana harusi. Akazunguka kwenda kulia. Mashine ikasema zzzz, ikasema zz, ikanyamaza. Feni ikazunguka mara mbili za mwisho kama inaaga.

"Umekatika?" ikasema sauti ya mlangoni. "Pole sana, Deo."

Kwanza hakuna aliyeshtuka. Dakika tano. Dakika kumi. Mheshimiwa akajitazama kwenye kioo, akageuza kichwa kushoto, akageuza kulia, jasho likaanza. Deo akakimbilia kwa fundi wa kuchomelea mageti mwenye jenereta, akarudi mikono mitupu, jenereta lipo, petroli hakuna. Akamgeukia kijana wa bodaboda aliyekaa kwenye benchi. "Nitolee lita moja tu kwenye tangi." Yule kijana akakumbatia ufunguo wake. "Kaka Deo, bora unitoe damu. Damu itarudi." Saa ya ukutani, ya betri, inaenda tu. Mtu akashauri kofia. Mheshimiwa akasema hawezi kukaa mbele ya kamera na kofia, ataonekana anaficha kitu. Mama Zuhura alikuwa ameshafika mlangoni na mwiko wake, hakutaka kupitwa. Akauliza, "Kwani, baba, unakwenda kuwaambia nini hao waandishi?"

Mheshimiwa Kitundu akapangusa shingo. Alikuwa mtu mkweli, ndiyo shida yake. Akasema kwa sauti ndogo, "Kwamba hakuna mgao."

Benchi lote likapasuka kwa kicheko. Kijana wa bodaboda alianguka chini, sisemi uongo, alianguka chini akapiga sakafu kwa kiganja. Mama Zuhura alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kona ya kanga. "Ni maboresho," Mheshimiwa anajitetea, "ni maboresho ya miundombinu," na kadiri anavyotikisa kichwa, ndivyo tunavyouona ule msitu wa kulia unavyotikisika. Na mimi nilicheka kuliko wote, mpaka nikamwona Mzee Chedego anasimama.

Watu wakamfungulia njia. "Mzee yupo!" mtu akasema. "Tulikuwa tunahangaika nini?" Deo mwenyewe, ambaye hajawahi kumwomba mzee hata kiberiti, akajivuta pembeni. Mzee akaja mpaka nyuma ya kiti, kifua mbele, akachukua kitana, akatoa wembe kwenye karatasi. Ule wembe ukaanza kucheza. Ulikuwa unacheza na mwanga wa mlangoni, unatupa kimwanga cheupe juu ya dari, huku na huku, huku na huku. Kicheko kikaanza kupungua, kutoka mbele kwenda nyuma. Mheshimiwa aliuona kwenye kioo, akafumbua macho makubwa. Mzee alikuwa hatazami wembe. Alikuwa ananitazama mimi. Sijawahi kuona mtu ametazama namna ile, labda mtoto aliyeachwa stendi.

Mdomo wangu ukawahi kabla yangu. "Mzee!" nikapiga kelele, na mikono kiunoni. "Tulikubaliana nini? Si ulisema kichwa cha kwanza kikubwa ni changu? Sasa kimekuja kikubwa, umekigeuka? Unanidhulumu mbele za watu?"

Nikaiona akili yake inafika. "Kweli," akasema, "nilimwahidi." Akageukia benchi. "Huyu mtoto ana gubu. Nisipompa atanuna mpaka Pasaka." Akauweka wembe kwenye kiganja changu, na mkono wake ulikuwa wa baridi, kwenye joto lile.

"Huyu?" Mheshimiwa akasema. "Si ndiye aliyeniosha?"

"Yuni, hapana," Deo akasema. Alinivuta kando, akaninong'oneza, na nilimwelewa, alikuwa anaogopa. Nikimkata yule mtu, na kamera zikaona damu, saluni imekwisha, na mimi nirudi Chamwino nikanyoe mbuzi wazima. "Ukimgusa, na kazi ya kuosha basi," akasema. "Nakwambia kabisa."

Nikarudi nyuma ya kiti. Nikainama mpaka sikioni kwa Mheshimiwa, nikamwambia kwa adabu zote nilizofundishwa, "Shikamoo, Mheshimiwa. Una mambo mawili. Unipe mimi. Au uende hivi hivi ulivyo, ukawaambie hakuna mgao."

Akafumba macho. "Marahaba," akasema. "Nyoa."

Niliosha mikono mara mbili kwa kuchelewesha. Halafu nikalaza wembe juu ya kitana, nikagusa. Nikajiambia ni ngozi tu. Nikajiambia huyu mteja ameshakufa, hatalalamika, lakini alikuwa anapumua, tena kwa nguvu. Krrr. Zikaanguka za kwanza, kimya kikawa kikubwa hata sufuria ya Mama Zuhura ilisikika inachemka mlango wa pili. Ngozi ya mtu ina joto, ile ya mbuzi haina, na chini ya joto kuna mshipa unakupiga vidole, tuk, tuk, unakuuliza una uhakika? Nikapandisha kutoka shingoni, kidogo kidogo, naitazama kazi ya Deo kushoto, naifuata kulia. Nilipofika nyuma ya sikio, gari nje likapiga honi ya ghafla, Mheshimiwa akaruka. Wote wakasema "Aaa!" Lakini mkono wangu ulikuwa umeshainuka. Sikuuinua mimi, uliinuka wenyewe. Zile ngozi mbili zilizopasuka ndizo ziliuinua. Nikaushusha tena, krrr, nikamaliza sikio, nikazunguka utosini, nikachanganya kushoto na kulia mpaka ukiweka kidole katikati hujui umevuka mpaka saa ngapi. Nikapuliza shingo. Hakuna damu. Hata tone.

"Umeacha hapa," akasema Mzee Chedego.

Mimi niligeuka kama nimepigwa. Deo, kwa mazoea, akainama kutafuta. Akatafuta, akatafuta, akanyanyuka, akanitazama kama ananiona kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe. Na hapo hapo mtaa ukalipuka, "Umeruuudi!" Feni ikaanza, redio ikaanza, simu zote saba zikalia kwa pamoja. Deo akawahi mashine yake, akaiwasha, zzzz, akasogea kwenye kiti. "Mheshimiwa, sasa ngoja nikunyooshee."

Mheshimiwa Kitundu akanyanyua mkono chini ya shuka. "Acha," akasema. "Amalize yeye."

Saa nane tulikuwa wote kwa Mama Zuhura, tumezunguka redio yake ndogo ya betri, maana umeme ulikuwa umeshaondoka tena. Sauti ikatoka, ile ile ya upole, inasema ndugu wananchi hakuna mgao, yako maboresho madogo madogo. "Kichwa hicho kinasema hivyo!" akapiga kelele kijana wa bodaboda. "Kimenyolewa na mgao!" Tukacheka mpaka mlenda ukapoa. Nikawa namwona yule bwana kuwa mwongo tu, kwisha. Lakini alirudi baada ya wiki mbili, akaniulizia mimi kwa jina, na siku hiyo hakukuwa na watu. Nikiwa nimeshika kichwa chake akasema tu, bila kuulizwa, kwamba kwake nyumbani mtoto wake anasoma kwa tochi ya simu, na mke wake anamuuliza kila siku, hayo maboresho yako yanaisha lini? Nikamnyoa taratibu kuliko siku zote. Mpaka leo nikisikia mtu ofisini anasoma karatasi aliyoandikiwa, huwa najiuliza upande wa pili wa kichwa chake ukoje.

Kesho yake ya ile siku ya nusu kichwa, asubuhi, nilimkuta Deo ameondoa taulo kwenye kiti cha pili, amelikunja, ameliweka juu ya beseni. "Kaa," akaniambia. Halafu akafikiri. "Maana yangu, simama." Nikasimama nyuma ya kile kiti. Wateja wa kwanza walikuwa wabishi, wakaja kwa sababu ya mgao, umeme hakuna na mzee "jicho linauma", hawakuwa na ujanja. Walipokuja mara ya pili, umeme ulikuwepo. Na mzee alikaa mlangoni akasimulia kwa kila anayepita kwamba ameamua kupumzika kwa hiari yake, kwamba yule binti alimpora kazi mbele za watu, vijana wa siku hizi hawana aibu. Mimi nilikuwa naitikia, "Nimempora, ndiyo, na kigoda nitakichukua." Hatukuwahi kulizungumza lile jambo. Hata mara moja. Mvua za mwisho wa mwaka zilipoanza, akarudi kwao Mpwapwa kulima, na aliniachia kitana chake, kimeng'oka meno mawili. Akasema kilikuwa kinampotezea nafasi kwenye mfuko.

Hicho kitana ndicho nilichokwenda nacho. Nilikuta watu wengi, ngoma zimetulia ukutani, nikawasalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi," wakaitikia, nikamshika mkono bibi, mke wa mzee, ambaye nilikuwa nimemwona mara mbili tu maishani mwangu. Tukazika. Siku ya tatu ndiyo siku ya wafiwa kunyolewa, kwao wanafanya hivyo bado, watoto, wajukuu, mjane. Mjukuu mmoja anayesoma mjini alikuwa amekuja na mashine nzuri, ya kuchaji, inawaka taa za buluu, hata mgao ukija haijali. Akaitoa, wote wakaishangaa, na mimi pia, nikamwuliza ameipata wapi. Bibi akasema, "Hiyo weka, baba. Fundi wa babu yako amekuja."

Nilinyoa vichwa kumi na kimoja, kila kimoja na wembe wake, kwenye kivuli cha ukuta, na maji ya vuguvugu kwenye beseni kama zamani, na nilikuwa natania kila kichwa, kwa sababu ndivyo ninavyojua. Bibi alikuja wa mwisho. Alivua kitambaa, akakaa kwenye kile kigoda, nikakitambua. Nywele zake nyeupe zilikuwa laini kuliko ngozi yoyote niliyoshika. Nikanyoa taratibu. Nilipofika nyuma ya sikio, ndiyo akasema, bila kugeuka, "Mwaka ule akirudi jioni nilikuwa namlisha kwa mkono wangu. Aliniambia siku ulipomfichia mkono wake."

"Mimi nilimpora kazi, bibi," nikasema. "Mbele za watu."

"Ndiyo," akasema. "Ndivyo alivyokuwa anawaambia watu."

Nikamaliza. Nikapuliza shingo, nikachukua kitambaa nikampangusa. Akapitisha kiganja chake kichwani polepole, kutoka paji mpaka kisogoni, mkono mkavu hautetemeki hata kidogo, ukasimama mahali fulani juu ya sikio la kulia.

"Umeacha hapa," akasema.

Nikainama nikatafuta.